Bahasha ya Klementina

Jumatano, saa 10:15 alasiri

Chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga kilijaa pumba hadi kwenye kope za mtu. Christopha alikipenda. Mashine ikinguruma, hata ukikiri mauaji hakuna wa kukusikia. Wanaume watatu, magunia matatu ya kukalia, kiberiti kimoja katikati.

"Hili gari." Christopha akakiweka kiberiti sakafuni, akachora mstari kwenye pumba kwa kidole. "Hii barabara ya Mbeya. Wanalala Laela, wanatoka asubuhi. Saa tatu wako hapa, kwenye kona ya mikaratusi. Masunga?"

Masunga, Msukuma mrefu aliyeingia Ufipa miaka kumi nyuma na mifugo ya baba yake, alikuwa akitafuna ganda la muwa.

"Ng'ombe arobaini," alisema. "Nawavusha taratibu. Hata angekuwa mkuu wa mkoa, atasimama."

"Akisimama tunatokea. Boksi moja, tunasepa. Hakuna kugusa mtu."

"Na nesi?" Isdori aliuliza.

"Nimesema hakuna kugusa mtu. Una masikio?"

Isdori akajikung'uta pumba magotini. Dili lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelileta, na tayari lilikuwa limemtoka mikononi.

Tangu serikali iruhusu kila mwenye uwezo kufungua duka la dawa na zahanati, mtaa wa Majengo ulikuwa umepata mambo. Jambo jipya kuliko yote lilikuwa zahanati isiyo na daktari. Ilikuwa na mizani, kipimo cha presha, nesi mmoja aitwaye Rhoda, na simu. Daktari, mzee Gaudensi, alikaa Mbeya. Rhoda alikupima, akamsomea daktari namba zako, kisha akakupa mkonga wa simu ujieleze mwenyewe. Daktari akiridhika, alikufungashia dawa kwenye bahasha yenye jina lako, sahihi yake na maelezo ya kumeza, na kila Alhamisi gari lilizileta, Rhoda akiwa ndani kuzisindikiza. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kumeza dozi ya kwanza kabla ya kumpigia.

Wengi walikuwa watu wa presha na kisukari. Ila tangu mwaka jana kulikuwa na vidonge vya kupunguza mwili.

"Watu wana vituko," Masunga alisema, akicheka. "Mwaka huu kila anayekonda tunamzika, halafu kuna mtu anameza dawa akonde!"

"Wake za wakubwa kule ng'ambo ya mpaka hawazikwi," Christopha alijibu. "Wanalipa, hawaulizi cheti."

Isdori hakucheka. Mkewe, Klementina, alikuwa na uvimbe tumboni na damu isiyokatika. Daktari wa upasuaji alisema hashiki kisu mpaka kilo ishirini zimtoke, la sivyo anaweza asiamke kwenye nusukaputi. Wakakimbilia kwenye ile simu. Mara tatu mzee Gaudensi alikataa kumpa vile vidonge: presha iko juu, mama, tuishushe kwanza, vinginevyo dawa itakumaliza. Subiri. Isdori alikuwa mtunza ghala la chama cha ushirika mpaka chama kilipokufa na wao wakapunguzwa kazini. Alikwisha kusubiri mambo mengi, na kusubiri hakujawahi kumpa kitu. Kwa hiyo alimpa Christopha njia na saa, na akataka malipo ya aina moja tu, dawa ya Klementina.

"Yako ipo," Christopha alimwambia, akikirudisha kiberiti mfukoni. "Neno langu."

Alhamisi, saa 3:08 asubuhi

Upepo wa Juni ulikata masikio. Isdori alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mkaratusi, kitambaa usoni. Amri aliyopewa ilikuwa asifungue mdomo kabisa, maana Rhoda aliijua sauti yake.

Masunga alipiga mluzi. Ng'ombe wakapanda barabarani mmoja mmoja, bila haraka, na pikapu nyeupe ikatokea kwenye kona, ikapunguza mwendo, ikasimama. Dereva, Basil, akatoa kichwa nje.

"Mshikaji, swaga basi! Tuna dawa za watu humu!"

Christopha alikuwa ameshafika mlangoni na panga. Isdori akarukia nyuma ya pikapu, akakata kamba, akalivuta boksi. Dakika moja, si zaidi. Rhoda hakupiga kelele. Alikuwa ameinamisha kichwa magotini akisali.

Ingeishia hapo. Lakini Basil alimtazama Christopha kwa makini, halafu, kama anayeshangaa kumkuta mtu msibani, akasema, "Si wewe wa mashine ya kusaga?"

Panga lilishuka mara mbili.

Rhoda ndipo alipopiga kelele. Masunga aliacha ng'ombe wake wametapakaa, akabaki ameshika kichwa. Isdori alisimama na boksi kifuani, na neno alilotaka kusema likamkwama nyuma ya kitambaa. Aliogopa kutambuliwa. Mtu anavuja damu mbele yake, na yeye anaogopa sauti yake!

"Twende!" Christopha alifoka. "Mmekuwa sanamu?"

Saa 4:30 asubuhi

Walijificha bondeni, penye kijito, mbali na barabara. Christopha alichana boksi.

"Vitu vyote vinatoka kwenye bahasha. Bahasha zinachomwa. Sitaki jina la mtu hata moja libaki."

Isdori alichambua. Mwimbi. Laela. Mwimbi tena, mtu wa kisukari. Bahasha ya saba ilimfanya akae chini.

Klementina, Chanji. Kupunguza mwili. Chini yake, kwa mwandiko wa mzee Gaudensi: Presha imekubali. Hongera, mama. Viwili jioni, kabla ya chakula. Nipigie kwanza.

Daktari alikuwa amekubali. Leo mchana Klementina angeitwa Majengo, angepewa bahasha yake mkononi na kurudi nayo nyumbani Chanji, halali kabisa.  Basil alikuwa amekatwa panga kwa ajili ya kitu ambacho kilikuwa njiani kuja.

"Nini hicho?" Christopha alikuwa juu yake.

"Ya mke wangu. Niachie kama ilivyo, na bahasha yake. Ina maelezo."

"Nimesema zinachomwa."

"Ulitoa neno lako, Christopha."

Christopha alimwangalia, kisha akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa zuri. "Haya. Lete hapa. Nenda kachote maji, tunawe hii damu. Ukirudi yako ipo."

Isdori alienda kijitoni na kidumu. Aliporudi, bahasha ilikuwa juu ya jiwe, imefungwa vizuri, imetuna. Masunga alikuwa ameangalia upande mwingine.

Saa 8:20 mchana

"Wamekuletea wewe?" Klementina aliuliza. Alikuwa kitandani, miguu juu ya mto. Alisoma bahasha mara mbili, na machozi yakamtoka. "Hongera, mama. Umeona? Ameandika hongera."

"Nimeona."

"Nijikongoje hadi Majengo nimpigie. Alisema tumpigie kwanza."

Rhoda atakuwa ameshasema bahasha zimeibwa. Isdori aliliona hilo wazi.

"Nimeshampigia," akasema. "Nimempigia nikiwa huko huko. Amesema umeze tu. Viwili, saa kumi na mbili jioni."

"Kweli?"

"Kweli."

Alivimimina kiganjani, vidogo, vyeupe, akavihesabu kama mtoto anavyohesabu karanga. "Na leo sili kitu usiku," alisema. "Nisaidiane na dawa." Alimshika mkono mumewe na kuubusu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Isdori alitoka nje kwa sababu hakuweza kuendelea kumtazama.

Saa 11:05 jioni

Majengo nzima ilikuwa na habari moja. Basil amekufa hospitali, saa tisa. Watu walisimama vikundi vikundi barazani. Basil alikuwa mtoto wa mtaa ule. Alizaliwa hapo na mkewe alikuwa na mimba.

Masunga alimkuta Isdori stendi. Alikuwa na kifurushi kwapani na tiketi ya Tunduma mkononi.

"Naondoka, kaka. Ng'ombe za mzee wangu wanazo njagu kituoni. Wamezijua kwa alama za masikio." Aliongea bila kumtazama. "Christopha ameshavuka tangu mchana, na mzigo wote."

"Na sisi je?"

"Sisi ndio hivi." Akasita. "Ile bahasha yako. Ulipoenda majini aliifungua. Vya kwako alivitia kwenye mzigo wake. Akajaza vingine."

"Vingine gani?"

"Mimi najuaje dawa, kaka? Vilikuwa kwenye bahasha ya mtu wa Mwimbi."

Basi likapiga honi. Masunga akaruka mlangoni.

Isdori alitazama saa ya mtu aliyekuwa karibu. Kumi na moja na robo. Chanji ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Alikuwa na nafasi. Lakini akifika amwambie nini? Avitupe kwa sababu ipi? Bahasha za Mwimbi zilikuwa mbili, labda hii ni dawa tu ya presha, labda haina neno. Daktari anajua. Kibanda cha simu cha mama Leonia kilikuwa hapo mbele, na kilikuwa na foleni ya watu sita.

Saa 11:34 jioni

"Hallo! Mbeya?"

"Ongea kwa nguvu!" ilijibu sauti ya mbali, ya kukwaruza. Simu za Mbeya zilikuwa hivyo siku zote. Usipopaza sauti, unaongea peke yako.

"Shikamoo daktari! Nina mgonjwa! Ana vidonge, nataka kujua ni vya nini!"

"Jina la mgonjwa?"

"Ni jirani tu, daktari!"

"Bila jina sitoi ushauri, bwana. Nitamuua mtu. Jina!"

Isdori alifumba macho. Nyuma yake foleni ilikuwa ikipiga soga.

"Klementina! Wa Chanji!"

Zilisikika karatasi zikipekuliwa.

"Bahasha ya Klementina imeibwa leo asubuhi," daktari alisema. "Sijali umeipataje. Sikiliza. Nilivyomwandikia mimi ni vya rangi ya bluu. Hivyo vikoje?"

"Vyeupe! Vidogo! Vilikuwa kwenye bahasha ya mtu wa Mwimbi!"

Soga nyuma yake ilikatika.

"Wagonjwa wangu wa Mwimbi wote ni wa kisukari. Kameza?"

"Bado! Saa kumi na mbili! Na hatakula kitu!"

"Basi kimbia! Akivimeza na tumbo tupu, sukari itashuka usiku na asubuhi hataamka. Kama amemeza, mpe sukari, chai ya sukari nyingi, asilale! Mimi napiga zahanati sasa hivi, ingawa tangu saa tisa hakuna anayepokea simu. Kimbia!"

Isdori aliuachia mkonga, akageuka.

Foleni ilikuwa imekuwa ukuta. Mbele alisimama kijana mnene mwenye fulana nyeusi ya msiba.

"Bahasha gani hiyo unaulizia?" aliuliza polepole. "Za kwenye gari la Basil?"

"Nipishe. Nakuomba. Mke wangu..."

"Za kwenye gari la kaka yangu?"

Ngumi ya kwanza ilimpata kwenye sikio. Ya pili hakuiona. Alipokuwa chini alipiga kelele: sukari, Chanji, nyumba ya Klementina, mpelekeeni sukari. Kuna aliyesema, "Anazuga huyo," na mateke yakaendelea. Mama Leonia alichungulia dirishani, akauona mkonga unaning'inia unasema hallo, hallo, akaurudisha mahali pake kwa sababu dakika zilikuwa zinahesabika.

Saa 12:25 jioni

Polisi walimnyang'anya kutoka kwa watu akiwa na jicho moja linaloona. Kituoni alikalishwa sakafuni. Mwandishi wa zamu alivuta kitabu, akalamba ncha ya kalamu.

"Afande, saa ngapi?"

"Kwani una safari?"

"Saa ngapi, afande!"

"Kumi na mbili na nusu kasoro. Tulia. Jina la mke?"

Isdori alimweleza yote tangu mwanzo. Christopha, Masunga, kijito, bahasha, vidonge vyeupe, sukari. Hakuficha hata kimoja. Aliongea haraka huku damu ikimtoka mdomoni, na askari aliandika kwa mwendo wake, akimtaka arudie majina.

"Kwa hiyo mkeo alipokea mali ya wizi," alisema hatimaye.

"Ndiyo! Mkamateni! Twendeni sasa hivi mkamkamate, nawaomba!"

Askari aliinua uso, akamwangalia kwa mara ya kwanza, kama aliyevutiwa kidogo. Kisha akatazama nje, uwanjani, gari la kituo lilikokuwa limeegeshwa juu ya mawe, bila magurudumu ya mbele.

"Tutamfuata kesho asubuhi," akasema, akafungua ukurasa mwingine.