Msichana Aliyemmiminia Malkia Chai

Walikutana sokoni katikati ya Los Angeles, Jumamosi yenye msongamano. Corinne aligeuka ghafla, bakuli lake la maharage likaishia kwenye shati jeupe la Winston Lau, kijana wa asili ya Kichina.

"Dada, kama shati hulipendi si ungesema tu?"

Corinne alicheka mpaka akatokwa machozi. Haukupita muda wakawa chanda na pete.

Jumba moja la sinema liliporudisha filamu ya zamani ya malkia wa China, Corinne hakutulia. Aliiona utotoni kwenye televisheni, kichwa mapajani mwa baba yake, akaamini duniani hakuna mwanamke mzuri kama yule.

"Utaipenda, mpenzi," alimwambia Winston, amependeza ndani ya gauni jekundu la hariri.

Taa zilipozimwa, aibu ikamvaa. Malkia aliigizwa na Mzungu aliyevutwa macho kwa gundi ili afanane na Mchina. Wachina wenyewe walibeba mizigo, wakainama, wakafa. Utotoni hakuyaona hayo. Alimtupia Winston jicho: uso ameukaza. Mara akainuka, akatoka, asirudi.

Wiki nzima Corinne alipiga simu, akajibiwa na mashine ya kurekodi ujumbe.

"Winston, nisamehe. Naona aibu mwenzio, hata usingizi sipati..."

Mwishowe alipokea mwenyewe.

"Umeomba radhi mpaka mkanda umejaa, Corinne. Hujauliza hata mara moja kwa nini nilitoka."

Ilimchoma. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini, mpenzi?"

"Yule msichana aliyemmiminia malkia chai. Ni mama yangu."

Corinne akaegemea ukuta. Mama Lau walimzika kabla wao wawili hawajajuana.

"Alikuwa akituambia aliwahi kuigiza," Winston alisema. "Tukamcheka. Tukamwambia, mama, acha fiksi. Nilipomwona, nilishindwa kukaa."

"Leo ndiyo wanaionyesha mara ya mwisho."

"Najua. Peke yangu siwezi."

"Nakuja."

"Ni filamu mbaya sana, Corinne."

"Mbaya kupindukia. Nakuja hivyo hivyo."

Walikaa safu ya mbele, ukumbi karibu mtupu. Msichana akaingia na birika, mwembamba, macho chini. Akamimina, akarudi kinyumenyume, mlango ukamfunika.

"Kaenda," Winston alisema.

Akalia kwa kwikwi, kilio ambacho mazishini kilikataa kutoka. Corinne alimvutia kifuani, akamshikilia, huku kwenye skrini farasi na tarumbeta vikiendelea na vita vyao.