Mtoto Wangu Si Saa ya Ukutani

Mama alikuwa anaanika nepi uani mumewe aliporudi kutoka ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Mume ni fundi viatu. Alimpa mkewe karatasi huku akitazama pembeni.

Mama akasoma. Nepi ikamponyoka.

"Saa? Wameandika Saa?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mara ya kwanza Sae. Leo Saa. Mtoto wangu ni saa ya ukutani?"

"Mke wangu, punguza sauti."

"Sipunguzi! Hilo ni jina la marehemu mama yangu. Mnalikatakata kama ngozi ya viatu!"

"Karani aliniuliza, 'Ni Saa au E? Chagua moja.' Foleni nzima ilikuwa inaguna. Nikachagua."

"Ukachagua! Na marekebisho mwisho lini?"

"Ijumaa," fundi akajibu. "Baada ya hapo ni mahakamani."

Jirani yao alisikia yote. Yeye hufundisha watu wazima kusoma na kuandika lugha ya nyumbani. Wanafunzi wamempa jina la Koromeo, kwa sababu kutwa anawafundisha herufi za kooni.

"Shemeji," akaita, "hebu nione alivyoandika mumeo."

Kwenye nakala ya fomu aliyorudi nayo, fundi alikuwa ameandika: Saa / e.

"Ndiyo maana! Fundi, umeacha nafasi huku na huku. Ofisini, kistari hicho kikikaa peke yake, husomwa 'au'. Karani hana kosa lote."

"Mimi lugha yetu naisema tu," fundi akasema. "Shuleni niliandika Kiswahili."

"Hiyo ndiyo tabu yetu! Tunaisema vizuri, kuiandika tunabahatisha. Sikiliza. Kistari kilichoinama kinaitwa mkwaju. Kwetu ni herufi, kama b au m. Ni sauti ya kooni. Ibane katikati ya wenzake: Saa/e. A ni mbili kwa sababu sauti ni ndefu, usile hata moja. Na e ya mwisho ndiyo inayosema huyu ni wa kike. Ukiiondoa, umepata mvulana."

"Basi nimezaa mvulana wa kuning'iniza ukutani," mama akasema. Hakucheka.

Fundi akachukua boksi la viatu, akaandika jina juu yake mara ishirini. Mama alimsimamia.

"Nafasi! Umeacha nafasi tena!"

Alhamisi walikwenda wote, mtoto mgongoni. Mama alimpa karani jina limeandikwa kwa herufi kubwa.

"Kaka, usichapishe kwanza. Tuonyeshe kwenye kompyuta, tuhakikishe. Hiyo ni herufi ya lugha yetu. Si 'au'."

"Herufi gani hii? Inasomwaje?"

Fundi akaisoma. Karani akajaribu, akakohoa kama aliyekwamwa na mfupa. Foleni ikaangua kicheko. Mtoto akashtuka, akalia: "/Ee! /Ee!"

"Hiyo hapo!" mama akasema. "Ana miezi miwili na anaijua. Wewe una meza na kiti cha kuzunguka, inakushinda?"

Karani akamtazama mtoto. Akafuta jina la zamani, akaandika upya, polepole. Kisha akageuza kompyuta. Mama akafuatisha kwa kidole, herufi moja moja. S. A. A. Mkwaju. E.

Akarudia tena kutoka mwanzo. Foleni ikaanza kuguna.

"Guneni," mama akasema. Akamgeukia karani. "Sasa gonga muhuri."