Jogoo wa Kliniki ya Lupasi

"Mkeo ameingia kwa daktari?"

"Sina mke, dada. Mgonjwa ni mimi."

Dada huyo, fundi cherehani, akajishika mdomo. Lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, ulikuwa umejaza korido wanawake tu, na katikati yao kaketi fundi friji huyu, shati la bluu la mikono mirefu, kofia pana ya kukinga jua.

"Makubwa! Jogoo mmoja, matetea yote haya! Utatuweza?"

Fundi friji akacheka hadi viungo vikamuuma.

Basi mapenzi yakaanza hivyo. Kila asubuhi simu: "Jogoo wangu, vidole vimeamkaje?"

"Vimevimba, mpenzi. Vyako?"

Nani mwingine angewauliza hivyo? Wakapanga posa, na mtoto wa kwanza, hata mimba haijaingia, wakampa jina kabisa.

Kisha daktari akampima fundi friji vinasaba. Wanawake wengi wana kromosomu X mbili, akaeleza, na hiyo ni sababu mojawapo lupasi inawaandama zaidi. Wanaume wengi wana X moja na Y. Yeye alizaliwa na X mbili pamoja na Y, ndiyo maana hatari yake ilizidi. "Na kwa vipimo hivi, samahani, sioni ukipata mtoto."

Jioni simu ikaita. "Jogoo wangu!"

Neno lile lilimchoma. Akakata. Akahamisha hata siku yake ya kliniki, Jumanne ikawa Alhamisi, ili wasikutane.

Wiki sita binti wa watu alikaa kwenye benchi lile peke yake, akiamini kaachwa kwa ajili ya mwanamke mzima asiyemeza vidonge. Upweke ule, jamani, usimwombee hata adui. Ya saba akamfuata karakana.

"Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu." Akamweleza yote, macho yakiwa kwenye friji aliyoifungua. "Mimi si mwanamume kamili."

"Acha upuuzi! Nimekukosa wewe, sikuzikosa kromosomu." Akasimama kati yake na friji. "Nilitaka mtoto, sitakudanganya, na kwa hilo nitalia sana. Lakini mbona hukunipigia tulie wote?"

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Bado unanitaka?"

"Nina hasira nawe, nina huzuni, na miguu inaniuma. Sogea nikae."

Akasogea.