Gauni la Kupigia Picha

Majirani zangu, sogeeni niwasimulie yaliyoipata nyumba ya pili kutoka kwangu. Sitaki tumsengenye mtu. Mama wa nyumba hiyo mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Waeleze tu, huenda kuna mwenzangu anayeumia kimya kimya."

Ilikuwa nyumba tulivu. Baba tulimwita Meneja tangu zamani, kabla hata hajapandishwa cheo, kwa jinsi alivyokuwa akitembea kwa madaha. Mkewe alifundisha chekechea, naye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Watoto wakubwa walishaanza maisha yao, akabaki binti yao kitinda mimba. Jioni moja walikuwa sebuleni wote watatu. Mwalimu alikuwa akikata maua ya karatasi ya kubandika darasani, binti anapiga pasi sare yake, Meneja amevua viatu na kunyoosha miguu. Ndipo akatoa habari kwamba kila meneja ametakiwa kupeleka picha ya familia, iliyopigwa studio, itundikwe ukumbini ambapo wageni wa kampuni wanapokelewa.

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Nitavaa lile gauni langu la kijani."

Meneja akamwangalia juu hadi chini. "Na hilo tumbo utalificha wapi?"

Akacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kama tunavyocheka tukiumizwa mbele ya watoto. Binti aliendelea kupiga pasi pale pale alipokwisha kunyoosha.

Wiki iliyofuata Meneja akaleta gauni jipya, zuri kweli, rangi ya zambarau. Zipu ikakwama katikati ya mgongo. Mwalimu akasema walirudishe wakabadilishe. "Halirudi," mumewe akamjibu. "Wewe ndiye utakayepungua likuenee."

Sasa nisikilizeni hapa. Mwalimu ana ugonjwa wa kisukari, na anatumia vidonge vya kuishusha sukari. Daktari alishamwonya: ukimeza dawa, ule. Dawa inaishusha sukari uwe umekula au hujala, na mwenye tumbo tupu inaweza kumwangusha. Mwalimu alilijua hilo vizuri. Lakini alianza kuacha chakula cha usiku, kisha na cha mchana, huku dawa akimeza kama kawaida.

Mtaniuliza, mtu mwenye akili zake atafanyaje hivyo? Nami nilimuuliza. Akaniambia kuna asubuhi moja Meneja alimkuta anavaa, akamshika kiuno na kusema, "Sasa unaanza kuonekana mke wa mtu." Hakuwa amemsifu kwa miaka mingi. Kwa sifa ile moja, mwenzetu akaona njaa si kitu.

Binti aliona mikono ya mama yake ikitetemeka alipokuwa akimimina chai.

"Mama, kula basi hata kidogo."

"Nitakula tukishapiga picha. Na usimwambie baba yako, atasema najidekeza."

Siku ya picha ikafika. Mwalimu akameza dawa yake na maji kidogo tu, maana Meneja alisema maji yanajaza tumbo. Zipu ilipanda, ingawa binti alilazimika kuivuta huku mama yake amebana pumzi.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la kijivu na taa kubwa mbili. Mpambaji, dada wa makamo mwenye maneno machache, akampaka Mwalimu poda. Poda ikayeyuka. Akamfuta, akampaka tena, ikayeyuka tena. Akamgusa shingoni kwa nyuma ya mkono.

"Mama huyu anatoka jasho, na ni la baridi," akasema.

"Ni hizo taa," Meneja akajibu, akiweka sawa tai yake kwenye kioo. "Ongeza poda."

Wakapangwa. Mwalimu kwenye kiti, Meneja nyuma yake, binti pembeni. Mpiga picha akaomba wamtazame yeye. Mwalimu alikuwa akitazama pazia.

"Mama, hapa kwangu."

"Kaeni chini wote," Mwalimu akasema polepole, ulimi mzito. "Nani hajanawa mikono?"

Mpiga picha akacheka akidhani ni utani. Meneja akainama sikioni kwa mkewe. "Usinitie aibu mbele za watu."

Binti akashindwa kuvumilia. "Baba, mama hajala tangu jana asubuhi, na dawa amekunywa. Sukari imeshuka. Nakimbia kununua soda."

"Utaenda wapi? Utamharibia rangi ya mdomo." Akamshika binti mkono, akamrudisha mahali pake. "Dakika moja tu. Piga picha kwanza."

Taa ikamulika. Ilipomulika mara ya pili, Mwalimu alikuwa anateleza kutoka kitini. Paji la uso likagonga mguu wa chuma wa taa. Akalala pale sakafuni, mwili ukitikisika, damu ikichuruzika juu ya poda.

Binti alichomoka na kurudi na soda. Mpambaji akamzuia. "Usimmiminie mtu aliyezimia, itampalia. Tumlaze ubavu. Gari iko wapi?"

Meneja alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti kitupu.

Hospitalini muuguzi alilikata lile gauni kwa mkasi, toka shingoni hadi kiunoni, ili apate kupumua. Wakamtundikia dripu ya sukari, wakamshona juu ya jicho. Daktari akauliza, "Amekula nini leo?" Binti akamtazama baba yake, wala hakumsaidia kujibu.

"Sijui," Meneja akasema. Baadaye akaongeza kwa sauti ndogo, "Hajala. Mimi nilijua anajinyima."

Daktari akamwambia kwamba wangechelewa kidogo tu, angezungumza naye habari nyingine kabisa.

Mwalimu alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Picha imetoka vizuri?" Binti akatoka nje akalie kwenye korido.

Kesho yake Meneja alikwenda studio. Mpiga picha akamwonyesha ile iliyopigwa kabla mkewe hajaanguka. Mwalimu macho yake hayapo. Binti anamtazama mama yake, amejaa hofu. Na nyuma yao Meneja anatabasamu, meno yote nje, mkono wake umembana mkewe begani ili akae wima. Aliitazama muda mrefu. Akaomba ifutwe, kisha akabadili mawazo, akaomba isifutwe kwanza, naye aachiwe akae kidogo.

Jioni alifika wodini mikono mitupu. Mwalimu alikuwa na sahani mapajani.

"Mke wangu, nimekuja kukuomba msamaha."

Mwalimu hakuinua uso. Akakata kipande cha mkate, akakitafuna, akakimeza.

"Ngoja nile kwanza," akasema. "Tutazungumza nikishiba."

Meneja akavuta kiti, akakaa, akangoja.

Funzo

Ndugu zangu, kujipamba kwa ajili ya picha si kosa. Kosa ni kumfanya mwenzako aone aibu na mwili wake, mpaka aufiche hata ugonjwa wake. Mume, angalia maneno unayoyaita utani. Mke, usiuze afya yako kwa sifa ya mtu anayekusifu ukiwa na njaa tu. Na ukimwona mgonjwa wa kisukari anatetemeka, anatoka jasho la baridi na kuongea yasiyoeleweka, kama bado anaweza kumeza mpe kitu chenye sukari upesi. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Picha itapigwa siku nyingine.