Silinda ya Nne

Trekta ya akina Kanchev ilizimika kwenye kimlima kidogo nyuma ya kanisa la kijiji cha Zhitarevo, ikivuta tela tupu. Injini yake ilikuwa imefunguliwa yote na kuundwa upya wiki hiyo hiyo. Moshi wa buluu ulikuwa unatoka kwa mikupuo kwenye bomba la kupumulia, na oili imeruka hadi kwenye kioo cha mbele. Plamen Kanchev, aliyeiunda injini ile kwa mikono yake, aliteremka, akaitazama, kisha akaenda moja kwa moja kwa jirani yao Gancho akamtandika ngumi ya mdomo.

Inspekta Rumyana Docheva alipofika kutoka mjini Dobrich, Gancho alikuwa ameshawekwa mahabusu katika kituo kidogo cha kijiji, mdomo umevimba. Shitaka lilikuwa uharibifu wa mali kwa makusudi. Familia hizo mbili zilikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na watu walimwona Gancho akitoka uani kwa akina Kanchev wakati hakuna mtu nyumbani. Yeye alisema alikwenda kurudisha jeki.

"Mbona hukuwangoja wenyewe warudi?" Rumyana aliuliza.

"Nikae uani kwa watu nafanya nini, afande? Niliiweka mlangoni nikaondoka."

"Trekta yao ikiharibika utafurahi?"

"Nitafurahi sana. Lakini sikuiharibu mimi."

Jibu hilo lilimkaa Rumyana kichwani. Mwongo angesema amesikitika.

Uani kwa akina Kanchev alimkuta mzee Stoil, baba yake Plamen, ameketi kwenye benchi chini ya mzabibu. Alikuwa mjane, mkulima wa ngano tangu ujana wake, na hakuinuka kumpokea mgeni. Mwanawe alikuwa fundi wa malori huko Kassel, Ujerumani. Alikuja likizo, akaikuta trekta imechoka, akaamua kuifufua kabla ya mavuno. Tiketi ya kurudi alikuwa nayo mfukoni. Sasa tarehe yake ilikuwa imepita.

"Muulize huyo Mjerumani," mzee alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Yeye ndiye anajua kila kitu."

Plamen aliwasha injini, akafungua kifuniko cha oili. Moshi ukapumua pale kwa mapigo, kama mtu anayekohoa. Rumyana alikulia kwenye gereji ya shamba la serikali, baba yake akiwa dereva, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Nguvu iliyopaswa kusukuma pistoni ilikuwa inapenya pembeni yake na kuteremkia kwenye oili.

Alimwomba Plamen apime kompresheni, mgandamizo wa kila silinda, mbele yake. Kijana alifungua nozeli zote nne za kupulizia dizeli, akafunga geji ya kupimia kwenye tundu moja baada ya jingine. Silinda tatu za kwanza zilikuwa sawa. Ya nne haikufika hata nusu ya zile nyingine.

"Valvu?" Rumyana aliuliza.

"Tutajua sasa hivi."

Alimimina oili kidogo ndani ya silinda ya nne, akapima tena. Mshale wa geji ukapanda. Ingekuwa valvu, oili isingesaidia kitu. Iliziba nafasi kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, basi kasoro ilikuwa hapo.

"Ringi," Plamen alisema. "Ringi mpya, ndani ya slivu mpya. Nilizipima mwenyewe, afande. Mtu ameziharibu."

Mchana ule walifungua kichwa cha injini na kuitoa pistoni ya nne. Slivu, bomba la ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, ilikuwa imechubuka mistari ya kijivu kutoka juu hadi chini. Kwenye kingo za ringi kulikuwa na uchafu mweusi unaonata. Plamen aliusaga kati ya vidole, akasikia chembechembe. Ilikuwa dawa ya kusagia valvu, ile inayokula chuma. Maabara ya Dobrich ilithibitisha hivyo kesho yake.

Dawa hiyo isingeweza kuingia popote isipokuwa kwenye tundu la nozeli. Rumyana alizipanga nozeli nne juu ya gazeti akaziangalia moja moja. Kila moja ilikalia washa, kipete cha shaba cha kuzuia moto usivuje. Washa tatu zilikuwa za zamani. Plamen alisema alizichoma moto zikalainika ili zitumike tena, kwa sababu dukani alikosa mpya. Ya nne ilikuwa inang'aa.

"Hii si yako?"

Plamen aliigeuza mkononi. "Si yangu."

Rumyana alikaa ngazini akifikiri. Adui angemwaga dawa kwenye silinda zote. Adui asingehangaika kutafuta washa mpya, wala kuikaza nozeli sawasawa ili isivuje. Huyu alichagua silinda moja tu, yenye slivu inayoweza kubadilishwa, akaziacha nyingine. Alitaka trekta iugue. Hakutaka ife.

Aliingia jikoni peke yake. Mzee Stoil alikuwa anakata nyanya na jibini kwa ajili ya chakula cha jioni.

"Mzee, washa ya shaba uliipata wapi?"

Kisu kilisimama. "Washa gani?"

"Ya nozeli ya nne."

"Muulize Gancho."

"Gancho angerudisha ile ya zamani. Au asingeweka kabisa."

"Nozeli bila washa?" Mzee aliinua kichwa kwa hasira. "Ingeunguza kichwa chote cha injini. Ningewezaje kuiacha hivyo?"

Alisikia alichokisema. Akakiweka kisu chini taratibu, akavuta kiti.

"Tuliifanya kazi ile pamoja," mzee alisema. "Ananiambia, baba, nishikie hapa. Nashika. Baba, nipe ile spana. Nampa. Tangu mama yake afe hajawahi kuniomba kitu. Siku aliyomaliza, akaiwasha, ikanguruma vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Basi akafuta mikono, akatoa simu, akaanza kutafuta tiketi. Mikono yenyewe ina grisi bado."

"Ungemwambia abaki."

"Abaki na nani? Kijiji unakiona, nyumba zimefungwa. Sikutaka abaki moja kwa moja, afande. Nilitaka siku chache tu."

"Na Gancho?"

Mzee aliinamisha uso. "Sikujua kama mwanangu angemwendea. Nilidhani atalaumu ringi."

"Lakini alipokamatwa ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Hilo sina la kulitetea."

Plamen alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua tangu lini. Rumyana alidhani atafoka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya baba yake.

"Ulitia kiasi gani, baba?"

"Ncha ya kidole."

"Basi sampu ya oili tutaiosha kwanza."

Trekta ilikuwa mali ya Stoil mwenyewe, kwa hiyo shitaka lilikufa. Gancho aliachiwa jioni ile. Mzee alikwenda hadi kwake kumwomba radhi, kofia mkononi, na Plamen nyuma yake. Gancho aliwasikiliza wote wawili, akasema ngumi ataisahau siku ngano yake itakapovutwa na trekta hiyo hiyo. Ikavutwa.

Slivu mpya ilifika. Fundi hodari angeifunga kwa siku moja. Plamen alikwenda nayo polepole, akabaki hadi mavuno yakaisha, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kisha akaondoka.

Majira ya vuli Rumyana alipita Zhitarevo kwa kesi nyingine, akamkuta mzee Stoil analima peke yake. Mzee alisimamisha trekta, akashuka kumsalimu. Rumyana aliuliza kama kijana hupiga simu.

"Hupiga Jumapili. Huniuliza injini inakula oili kiasi gani."

"Nawe humwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba haili hata tone." Mzee alitazama udongo mweusi uliopinduliwa nyuma ya jembe. "Akisikia hivyo hufurahi sana, afande. Halafu hana tena la kuniuliza."