Hataza ya Moshi

Hakuna aliyemtarajia kijana yule. Alitokea katikati ya soko la maziwa ya ngamia mjini Garissa saa tatu asubuhi, magari ya kutoka malishoni yakishusha mitungi na kina mama wakigombania kivuli, akasimama mbele ya kibanda cha Sirad. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kama la mtu anayekwenda kuomba kazi. Viatu vyake vilikuwa vyeusi zamani. Sasa vilikuwa na rangi ya barabara ya Wajir. Mkoba wa ngozi alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Asalaam aleikum. Namtafuta mwenye hataza ya moshi."

"Waaleikum salaam. Ndiye huyu anayelia," Sirad akasema, akiinua uso kutoka kwenye mkebe aliokuwa akiufukiza. Moshi wa vijiti vya mgunga ulikuwa umemtoa machozi. Dera lake la manjano alikuwa amelikunja na kulifunga kiunoni, na kwenye pua alikuwa na doa la masizi asilolijua.

Kijana alibaki akimwangalia. "Nilitegemea mzee mwenye ndevu za hina."

"Pole. Ndevu zangu nimeziacha nyumbani. Ingia kivulini, walaal, ndugu yangu, usije ukatuangukia hapa. Unataka mikebe mingapi?"

Alifungua mkoba nusu, akachungulia ndani, kisha akaufunga. "Sitaki mkebe. Nataka kuona unavyofanya kazi."

Akajitambulisha kuwa Kadar Bare, mzaliwa wa Hadado, aliyehitimu sheria mwaka uliopita. Sirad alikuwa mhitimu wa uhandisi, na hakuna alichokipenda kama kuueleza mkebe wake. Alimwonyesha kifuniko: ndani yake alikuwa ametengeneza kijumba kidogo cha bati ambamo kijiti kiliungua taratibu, moshi ukashuka kwa kipimo, kisha kijumba kikajifunga chenyewe. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yalifika Nairobi jioni bila kuchacha. Ndipo alipopewa hataza, hati inayosema kitu hiki ni chako na mtu mwingine asikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yako. Alikuwa ameitia kwenye fremu na kuitundika juu ya mizani.

Kadar aliisoma hati ile kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita pale.

"Una masizi puani," akasema mwishowe.

"Umesimama hapa nusu saa, ndiyo unaniambia sasa?"

"Yanakupendeza."

Alisema angekaa Garissa siku mbili. Alikaa wiki tatu, kwa binamu yake karibu na daraja la mto Tana. Kila alasiri walikunywa chai kwenye hoteli iliyotazamana na soko, hadharani, mama yake Sirad akijua walipo. Muda uliobaki ulikuwa wa simu.

"Umekula?"

"Nimekula anjera."

"Ngapi?"

"Kwani wewe ni mwanasheria au daktari?"

"Mimi ni mtu aliyesoma ukurasa mmoja tangu asubuhi, macaanto, mtamu wangu."

"Basi funga kitabu."

"Nikifunga nitakuja huko, na hooyo, mama yako, atanikagua tena kama mbuzi wa mnada."

Sirad alicheka hadi wateja wakageuka. Mara mbili alimwona Kadar akianza kusema jambo zito, akalimeza. Sirad alidhani analijua jambo lenyewe. Akaanza kuvaa vizuri zaidi kila alasiri, akilisubiri kwa moyo uliojaa.

Kilichokuja ni bahasha. Ililetwa na mtu wa pikipiki siku ya Jumatatu, ikiwa na muhuri wa ofisi ya hataza ya Nairobi. Ndani mlikuwa na ombi la kuichunguza upya hataza yake. Mwombaji alisema kwamba dai la kwanza, lililompa Sirad haki juu ya "chombo chochote cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi wa mti", halikuwa uvumbuzi hata kidogo. Ilikuwa desturi ya wafugaji tangu mababu. Aliomba dai hilo lifutwe.

Chini palikuwa na sahihi: Kadar Bare, kwa niaba ya kina mama wauza maziwa wa Hadado. Tarehe ilikuwa ya siku mbili kabla hajasimama mbele ya kibanda.

Sirad alipiga simu akiwa bado amesimama.

"Kwa hiyo chai yote ile ulikuwa unakusanya ushahidi."

"Imefika."

"Imefika! Hata aibu huna?"

"Sirad, nilikuja nikupe nakala mkononi. Niliona si haki uipokee kwa mtu wa pikipiki. Kisha ukainua uso, ukanitania, na kila siku nikasema kesho."

"Usiniletee mashairi."

"Sawa, hakuna mashairi. Habaryar wangu Batula, mama mdogo aliyenilea, alipeleka mitungi sita Dadaab. Alirudishwa. Aliambiwa maziwa yenye harufu ya moshi ni mali ya Sirad Abdow. Jua lilikuwa kali, maziwa yakaharibika, akayamwaga mchangani. Barua waliyomwonyesha ina jina lako."

"Barua gani?"

"Sasa hujui barua!"

"Sijui, Kadar!"

"Umesoma hadi chuo kikuu na hujui kinachoandikwa kwa jina lako?"

Sirad alikata simu. Akaifungia namba yake, akakaa chini kati ya mikebe, na safari hii machozi hayakuwa ya moshi.

Lakini neno barua lilimkereketa. Akampigia Ayanle, wakala wa kampuni iliyoahidi kujenga kiwanda cha mikebe pale Garissa. Wasichana arobaini wangepata kazi. Nusu yao Sirad alikuwa amekwisha kuwafundisha kuchomelea. Mkataba ulikuwa unasubiri sahihi. Miezi miwili nyuma alikuwa ametia saini karatasi ndogo ya kuiruhusu kampuni "kuilinda" hataza.

"Ndiyo, barua ni zetu," Ayanle alisema kwa utulivu. "Kulinda ndiko huko, dada. Kifuniko peke yake mtu atakipinda kidogo aseme ni chake. Dai la kwanza ndilo kiwanda. Likifutwa, hatujengi."

Sirad akatoa faili lake la maombi, akapekua hadi ukurasa wa nne. Palikuwa na swali: taja mambo yaliyokuwa yakijulikana kabla ya uvumbuzi huu. Mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, neno moja: Hakuna.

Hakuwa amedanganya, angalau si kwa kukusudia. Mama yake alifukiza, nyanya yake alifukiza, kila mwanamke aliyemjua alifukiza chombo kabla ya kukitia maziwa. Ilikuwa kama kusuuza kikombe. Nani huandika kwenye fomu ya serikali kwamba watu husuuza vikombe? Na mtaalamu wa Nairobi aliyemtungia madai hakuwahi kuona mtungi ukifukizwa. Aliuona moshi, akadhani ndio upya wenyewe, akaliandika dai pana kama mbuga. Sirad alikuwa amelisoma akafurahi.

Siku ya nne simu ililia kwa namba ngeni. Upepo ulivuma ndani yake.

"Wewe ndiye msichana wa moshi?"

"Ndiyo, eddo, shangazi. Nani mwenzangu?"

"Batula Olow, wa Hadado. Mpwa wangu amerudi hapa, hali, hasemi, ananikalia jikoni kama gunia. Lakini sikukupigia kwa ajili yake. Wanaume hupona."

Sirad alitaka kucheka, akashindwa.

"Nimepiga kidole kwenye kiapo chao," Batula akaendelea. "Sasa wanasema wanataka maandishi ya zamani. Nani aliwahi kuandika habari za moshi? Tulikuwa na kazi ya kufanya. Nikifa, wajukuu wangu waambiwe Batula alifundishwa kufukiza na mtoto wa Garissa?"

"Eddo, mimi nilijua. Tangu utotoni nilijua. Sikudhani ni jambo la kuandikwa."

"Nimekuamini. Basi siku ya kikao nitaje. Sema Batula Olow alifukiza kabla yako. Sitaki kitu kingine. Maziwa yaliyomwagika yamemwagika."

"Nitakutaja."

"Wallahi?"

"Wallahi, eddo."

Aliiweka simu. Jina moja tu la mwanamke mmoja. Lakini mwenye hataza akikiri kwa kiapo kwamba alilijua jambo kabla, dai la kwanza halina tena pa kusimama, na kiwanda pia.

Kikao kilifanyika Alhamisi ya wiki iliyofuata, katika chumba cha ofisi ya serikali pale mjini, feni ikizungusha joto lile lile. Mchunguzi aliyetoka Nairobi alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya taratibu. Sirad alivaa buibui jeusi na shungi la kijivu, akaketi karibu na Ayanle. Upande wa pili aliketi Kadar. Alikuwa amekonda, na shati lake halikuona pasi.

"Bwana Kadar," mchunguzi alisema, "umeleta viapo kumi na vinane, vyote vya mwezi huu. Maandishi ya kabla ya hataza huna hata mstari. Kama hakuna jingine, nitalithibitisha dai. Tupumzike dakika kumi, kisha mwenye hataza aseme kama ana la kuongeza."

Ayanle aliinama sikioni mwa Sirad. "Tumeshinda. Sema tu huna la kuongeza. Mkataba uko kwenye mkoba wangu, tutatia saini hapa hapa."

Sirad alitoka hadi kwenye ukumbi wa nje. Kadar alikuwa dirishani.

"Umeifungia namba yangu," akasema bila kugeuka.

"Umeniita mjinga asiyejua kusoma."

"Nilikosea."

"Si sana. Hiyo karatasi ya kampuni sikuisoma." Sirad akasimama hatua mbili kutoka kwake. "Ulipokuwa unanyamaza wiki zile, ulikuwa unaogopa nini?"

"Uso wako. Jinsi ungebadilika." Akageuka. "Nisikilize. Habaryar ameniambia ulichomwahidi. Usikiseme. Umesota miaka mitatu kwa mkebe ule, na wale wasichana arobaini wanakutegemea. Sema huna la kuongeza. Mimi nitarudi Hadado nimwambie tumeshindwa. Kulaumiwa nimekwisha kuzoea. Kisha nitarudi hapa, kama utanikubali."

Sirad alimtazama kijana yule aliyekuwa tayari kushindwa kwa ajili yake. Moyo wake ulimwendea wote, pale pale, katikati ya harufu ya rangi mpya na kelele za watu wa foleni. Na hapo ndipo alipogundua kwamba hakuna alichokuwa akikiamua. Kilikuwa kimekwisha kuamuliwa kwenye simu.

"Kadar, wewe sikukuahidi kitu. Niliyemwahidi ni yeye."

"Atakusamehe."

"Najua. Ndiyo maana siwezi." Akavuta shungi lake sawasawa. "Na wewe, tukitoka humu, utatuma wazee kwetu au nitume mimi wa kwetu hadi Hadado? Barabara ni mbaya, watalalamika njia nzima."

"Mimi... wazee... yaani..." Kadar akaanza.

"Mwanasheria mzima," Sirad akasema, akarudi ndani.

Mchunguzi aliweka miwani yake sawa. "Bi. Sirad Abdow, una la kuongeza?"

"Ninalo." Akasimama. "Narudisha hati hii. Ina kosa, na kosa ni langu. Niliulizwa kilichojulikana kabla, nikaandika hakuna. Si kweli. Naomba itolewe upya, iwe ya kifuniko peke yake."

Akaiweka mezani, bila fremu. Ayanle alimshika mkono wa buibui, Sirad akajitoa polepole.

"Ukishairudisha, haitarudi ilivyokuwa," mchunguzi alisema. "Unaelewa? Na dai hili lilikuwa mikononi mwako."

"Naelewa."

"Basi niambie, kwa kiapo. Nani alifukiza kabla yako?"

Nyuma yake zipu ya mkoba ilifungwa, kiti kikaburuzwa, na hatua za Ayanle zikaelekea mlangoni. Kiwanda kilikuwa kinatoka nazo. Sirad aliwafikiria wasichana wale na glavu zao, na jinsi atakavyowaambia. Hakugeuka.

"Mama yangu, Ruqiya. Nyanya yangu. Na Batula Olow wa Hadado. Alifukiza kabla yangu, na kabla sijazaliwa."

Mchunguzi akaandika.

"Samahani, mama," Sirad akasema. "Naomba unisomee hilo la mwisho, kama ulivyoliandika."

Mchunguzi aliinua karatasi. "Batula Olow, wa Hadado."

"Ndilo," Sirad akasema, akaketi.