Mkono Ambao Levis Hakuushika

Jirani yetu Aidah, mama wa Mbarak, anaambia watu wa Khunyangu ati Levis alimdharau mamangu mchana kweupe. Anasema alikuwa anaanika nguo, akaona kijana wa shati la pasi anaingia kwetu. Mama akatoka na mkongojo wake, akanyoosha mkono amsalimie. Kijana akaficha mikono nyuma ya mgongo, akarudi kinyumenyume mpaka akaanguka kwa mihogo.

"Kiburi hicho!" Aidah anasema. "Hata ndege hajapanda, ashaona mkono wa mama mgonjwa ni mchafu. Na eti ni nesi!"

Aidah ni mtu wa Busia mjini, alihamia huku juzi na duka lake la leso. Alichoona ni kweli. Asichojua ni maana yake.

Mimi na Levis Ojiambo tulikuwa tunakaa Malaba, karibu na pale malori yanangoja kuvuka mpaka. Yeye nesi, mimi nauza uji na chapati kwa madereva. Wazee wake walikuwa hawajaja kwetu kuposa, lakini kwa mila yetu, kijana akishachukua msichana, mama ya msichana ni mkwe wake. Hawashikani mikono. Hawakai nyumba moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani apishe mwenzake. Si chuki, ni heshima.

Sasa mama akapata kidonda cha mguu, kile cha sukari, na hospitali alikataa kwenda.

"Roselida, ule mguu ukiachwa hivyo utakatwa," Levis akaniambia.

"Si uende umwone."

"Niende nishike mguu wa mkwe wangu? Unataka niitwe mwendawazimu?" Akafikiria. "Nenda wewe. Shika simu, elekeza kamera kwa kidonda. Uso wake usinionyeshe."

Nikawa naenda. Mama amejifunika leso usoni, mimi nimeshika simu, Levis anaongea kutoka Malaba.

"Mwulize mama kama inauma hapo kando."

"Mama, anauliza kama inauma."

"Kwani nimeziba masikio? Mwambie inauma kidogo kuliko jana. Na mwambie sauti yake imekonda. Humpikii?"

Levis akacheka huko Malaba, mama akacheka ndani ya leso, na mimi katikati nimeshika simu kama mjinga mwenye furaha.

Kidonda kikafunga. Levis akaanza kuangalia wagonjwa wengine wa mbali hivyo hivyo. Ndipo Oundo, mkubwa wake kazini, akamwambia kuna chuo ng'ambo kinafundisha masomo ya masta, afya ya kidijitali na uongozi wa huduma. Aombe. Levis akaomba, wakamwita kwa intavyuu ya video.

Siku hiyo nilifunga uji mapema, nikaenda kuwaomba madereva wasipige honi.

"Kwani kuna mtoto amelala, mama uji?" mzee Ilukor akauliza.

"Kuna mtu anaulizwa maswali na wazungu."

"Haya. Tutasukuma lori na mikono."

Nikakaa chini kando ya meza, mahali kamera haifiki, nikishikilia simu yenye bando. Mama mmoja mzungu akamuuliza Levis kuhusu yule mgonjwa wa kwanza.

"Kwa nini hukuenda tu nyumbani kwake?"

Levis akanitupia jicho. Nikatabasamu. Nilijua sasa ndio atasema: ni mama mkwe wangu, na kwetu kuna heshima.

"Barabara," akasema. "Mvua ilikuwa imeharibu barabara."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Ni mgonjwa tu."

"Na nani alikuwa anashika simu?"

"Msichana fulani wa kijijini."

Kizungu changu kiliishia darasa la nane, lakini hayo yote nilielewa. Niliendelea kushikilia ile simu mpaka akamaliza.

"Imeenda poa!" akaruka.

"Huyo msichana fulani anaitwa nani?"

"Rose, nielewe. Oundo ndiye alinishauri. Nikisema mama mkwe, wataona ni mambo ya familia, si uongozi. Watauliza mila, watauliza mke, watauliza mke amesoma wapi..."

Akajikatiza hapo.

"Malizia."

"Sikumaanisha hivyo."

"Levis, kama ungesafiri uniache ningengoja. Ningeuza uji wangu nikingoja. Lakini umeniacha nikiwa nimekaa hapa hapa, miguuni pako."

Nikafunga mfuko wangu nikaenda kwetu.

Mama alisikiliza yote bila kunikatiza. "Kumbe mimi ni mgonjwa tu," akasema. "Akija, wewe nyamaza. Nitaongea mwenyewe."

Na akaja. Mama akamtokea uwanjani bila leso usoni.

"Karibu daktari. Mimi si ndugu yako, ni mgonjwa tu. Kwa hivyo nisalimie."

Akanyoosha mkono. Huo ndio mkono Aidah aliona. Levis angeushika, ingeisha hapo: yeye mtu baki, mimi msichana fulani. Nilikuwa nyuma ya dirisha nikiomba Mungu, na sikujua naomba ashike ama asishike.

Levis akaficha mikono, akageuza uso.

"Mama, siwezi."

"Kwa nini? Barabara imeharibika?"

"Wewe ni mama mkwe wangu."

"Sema kwa nguvu. Wazungu hawajasikia."

"Wewe ni mama mkwe wangu!" Machozi yakamtoka, na hivyo akirudi nyuma bila kuona, mihogo ikamwangusha.

Mama akaingia ndani, akakaa. "Amekataa mkono. Basi mkwe wangu ni huyo," akasema. "Kama bado ni bwana yako, hiyo ni yako wewe."

Jioni simu ikalia.

"Rose, nimewaandikia wale wa chuo. Nimewaambia ukweli, mama ni nani na wewe ni nani."

"Wamesemaje?"

"Bado. Wanaweza kunikataa kwa sababu nilidanganya."

"Umewaambia wao, sawa. Mimi nikikoroga chungu bado nasikia 'msichana fulani'."

Nikasikia malori nyuma yake.

"Uliponitabasamia siku ile," akasema, "nilikuwa na nafasi ya kusema. Naiona kila siku."

Sikumwambia, lakini hata mimi naiona. Natamani ningeangalia chini. Natamani pia ningemchukia, maana mtu unayemchukia hukumbuki vile anacheka.

Tangu hapo sijapokea simu yake. Leo asubuhi akatuma ujumbe:

"Rose, nataka kuleta wazee kesho Jumamosi. Nataka kabla chuo hakijajibu, usije ukasema nimerudi kwako kwa sababu wamenikataa, ama nimekuja kuaga kwa sababu wamenichukua. Nikubalie. Hata neno moja tu."

Nimemsomea mama kwa sauti. Ameangalia kando, ameendelea kuchambua kunde. Simu iko mapajani mwangu, bado sijamjibu, na jua la Ijumaa linaenda.